Nauli ya Dola 10: Jinsi Marekani Ilivyowagundua Abiria Wake

Novemba 1971, kampuni changa ya ndege huko Texas ilikuwa na kero ndogo kila Ijumaa usiku. Ndege yake moja ilimaliza kazi za wiki mjini Houston, lakini matengenezo yalifanyiwa Dallas, mwendo wa kilomita 385 hivi. Basi ikarushwa tupu hadi Dallas. Lamar Muse, mkuu wa kampuni hiyo, hakufurahia kuona mafuta yakiteketea bure. Akaagiza viti vya safari hiyo viuzwe kwa dola 10, nusu ya nauli ya kawaida ya dola 20. Matangazo hayakuwa makubwa, habari zilisambaa kwa midomo ya watu. Baada ya wiki mbili tatu, ndege iliyokuwa ikiruka tupu ilikuwa inajaa.

Watu hao walitoka wapi? Swali hilo ndilo lililokuja kuipindua biashara ya ndege ya Marekani, kisha ya Ulaya, na hatimaye kugonga hodi Dar es Salaam. Wataalamu wa wakati ule waliamini kwamba idadi ya wasafiri kati ya miji miwili inajulikana: kuna wafanyabiashara kadhaa, maofisa kadhaa, matajiri wachache wanaokwenda kupumzika, basi. Ukishusha nauli, walisema, utawabebea watu walewale kwa hela kidogo zaidi. Ndege ya Ijumaa usiku ilisema vingine. Walikuwapo watu waliozoea kuendesha gari saa nne njiani, na walikuwapo ambao wasingesafiri kabisa. Hakuna daftari lililokuwa na majina yao kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaita.

Kampuni yenyewe ilikuwa Southwest Airlines. Ilianzishwa 1967 na Rollin King, mfanyabiashara aliyekuwa na kikampuni kidogo cha ndege, pamoja na wakili wake Herb Kelleher wa San Antonio. Inasimuliwa sana kwamba wawili hao walichora pembetatu ya Dallas, Houston na San Antonio juu ya kitambaa cha karatasi kwenye baa. King mwenyewe baadaye alisema ni hadithi tamu tu. Kisichokuwa hadithi ni mahakama. Jimbo la Texas liliwapa kibali mwanzoni mwa 1968, na papo hapo Braniff, Texas International na Continental wakawafungulia kesi kuwazuia wasiruke. Hoja yao ilikuwa kwamba abiria waliopo hawatoshi kugawanywa kwa kampuni nyingine. Kelleher alipambana hadi Mahakama Kuu ya Marekani ilipokataa kuisikiliza rufaa ya wapinzani wake Desemba 1970. Safari ya kwanza iliruka tarehe 18 Juni 1971, kampuni ikiwa na ndege tatu aina ya Boeing 737.

Msomaji anaweza kujiuliza kwa nini kibali kilitoka jimboni badala ya Washington. Hapo ndipo penye kiini cha mambo.

Tangu 1938 usafiri wa ndege kati ya jimbo na jimbo ulikuwa chini ya chombo cha serikali kuu, kilichokuja kuitwa Bodi ya Usafiri wa Anga wa Kiraia na kujulikana zaidi kwa herufi zake, CAB. Bodi iliamua ni kampuni ipi iruke kutoka mji gani kwenda mji gani, na kwa nauli ipi. Kampuni iliyotaka kushusha bei iliomba ruhusa, na iliyotaka njia mpya iliomba pia, kisha ikasubiri miaka. Wakati sheria hiyo ya 1938 ilipopitishwa, kampuni kubwa 16 zilizokuwapo zilipewa haki ya kuendelea na kazi. Katika miaka 40 iliyofuata, huku idadi ya watu na utajiri wa nchi vikiongezeka kupita kiasi, hakuna kampuni mpya hata moja iliyoruhusiwa kuingia katika kundi hilo. Maombi 79 yaliwasilishwa kati ya 1950 na 1974, na yote yakakataliwa.

Kwa kuwa bei ilikuwa imefungwa, kampuni zilishindana kwa mengine. Zilipika vyakula vizuri na kuongeza idadi ya safari kwa siku. American Airlines ilifika hadi kuweka piano katika ukumbi wa ndege zake za Boeing 747. Abiria mwenye fedha alisafiri kifalme, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1970 karibu nusu ya viti vya ndege za Marekani viliruka vitupu. Piano ilipata nafasi ndani ya ndege kabla ya mwalimu wa shule ya msingi.

Kulikuwa na uwazi mmoja tu katika ukuta huo. CAB ilisimamia safari za kutoka jimbo hadi jimbo. Ndege isiyovuka mpaka wa jimbo haikuwa yake. Texas ni kubwa kiasi cha kuwa na miji mitatu mikubwa ndani yake, na ndiyo maana Southwest ilizaliwa huko. California ilikuwa imetangulia. Tangu 1949, kampuni ya Pacific Southwest Airlines ya San Diego, PSA kwa kifupi, ilikuwa ikibeba watu ndani ya California kwa nauli ndogo, na njia ya Los Angeles hadi San Francisco ikawa miongoni mwa njia zenye abiria wengi kuliko zote duniani. Mwaka 1965 Michael Levine, wakati huo kijana msomi wa sheria, aliandika makala katika jarida la sheria la Chuo Kikuu cha Yale akiuliza kama udhibiti huo una haja yoyote, na California ndiyo iliyokuwa ushahidi wake.

Makala za wasomi huweza kukaa kabatini miaka mingi. Hii ilikaa kumi.

Mwaka 1975 Seneta Edward Kennedy aliitisha vikao vya kamati yake kuhusu CAB. Nyuma yake alikaa profesa wa sheria kutoka Harvard, Stephen Breyer, ambaye miaka 19 baadaye angeteuliwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu. Breyer alipanga ushahidi kwa namna ambayo hata mtu asiyejua uchumi angeuelewa. Kutoka Los Angeles hadi San Francisco, ndani ya jimbo moja, ni kilomita 540 hivi, na nauli ilikuwa dola 18.75. Kutoka Boston hadi Washington, njia inayovuka mipaka ya majimbo, ni kilomita 640 hivi, na nauli ilikuwa dola 41.67. Ndege zilikuwa za aina zilezile, mafuta yaleyale, na tofauti ya umbali haikufika hata robo. Wawakilishi wa kampuni kubwa walijitetea kwamba California ina hali nzuri ya hewa na msongamano wake ni wa pekee. Kila sababu ilichambuliwa, na hakuna iliyotosha kueleza pengo la zaidi ya maradufu.

Kilichowauma wanasiasa hakikuwa nadharia. Wapiga kura wa Boston walikuwa wakilipa mara mbili ya wenzao wa Los Angeles.

Mwaka 1977 Rais Jimmy Carter alimteua Alfred Kahn kuwa mwenyekiti wa CAB. Kahn alikuwa mwalimu wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Cornell, mcheshi, mwenye kuchukia lugha ya kiofisi, na hakuwa na mapenzi yoyote ya pekee na ndege. Aliwahi kusema kwamba kwake yeye ndege ni gharama za ziada zilizotiwa mabawa tu. Alikuwa na maana yake: ndege ikishapangiwa kuruka, gharama ya kumbeba mtu mmoja zaidi ni ndogo mno, kwa hiyo kiti kitupu ni hasara isiyo na sababu. Mtangulizi wake, John Robson, alikuwa ameshaanza kulegeza kamba. Majira ya kuchipua ya mwaka huo American Airlines iliruhusiwa kuuza tiketi za punguzo kati ya New York na California kwa wanaonunua mapema, na Texas International ikaanza kuuza baadhi ya safari zake kwa nusu bei. Viti vilianza kujaa. Na kampuni zilizokuwa zikilia kwamba punguzo litaziua zikashuhudia faida ikipanda.

Inafaa kukumbuka kwamba mwaka huohuo wa 1977, upande wetu wa dunia, mambo yalikwenda kinyume. East African Airways, iliyoanzishwa 1946 na kuunganisha Nairobi, Dar es Salaam, Entebbe na Zanzibar, ilisambaratika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kila nchi ikaunda shirika lake na kulilinda. Washington walikuwa wakivunja kuta za njia za ndege wakati sisi tunaanza kuzijenga.

Huko Washington, mswada wa Kennedy na seneta mwenzake Howard Cannon wa kuondoa udhibiti wa CAB ulipata maadui wengi. Delta, Eastern, American na TWA waliupinga, na vyama vya wafanyakazi vikaungana nao. Kati ya kampuni kubwa, United pekee ndiyo iliyosimama upande wa mageuzi. Walioupinga walitabiri kwamba miji midogo ingeachwa bila ndege. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni, na ndiyo iliyozaa kipengele cha ruzuku kwa safari za miji midogo, kilichokusudiwa kudumu miaka 10. Kipo hadi leo. Seneti ilipitisha mswada kwa kura 83 dhidi ya 9, na Carter akausaini tarehe 24 Oktoba 1978.

Siku za mwisho kabla ya saini, mbele ya jengo la CAB kulitokea jambo la kuchekesha. Sheria iliruhusu njia zilizokuwa zimelala bila kutumiwa zichukuliwe na atakayewahi. Wawakilishi wa kampuni za ndege, wenye suti zao, wakapanga foleni barabarani mchana na usiku, zamu kwa zamu, kama watu wanaongoja unga wa mgao. Braniff, ileile iliyotumia miaka mitatu kuizuia Southwest mahakamani kwa madai kwamba abiria hawatoshi, sasa ilijitwalia njia kwa pupa kuliko wote. Tarehe 15 Desemba 1978 ilifungua njia mpya 32 kwa siku moja.

Pupa ile iliiponza. Bei ya mafuta ilipanda 1979, riba za mikopo zikapaa, uchumi ukadorora, na ndege za Braniff zikawa zinaruka kwenye njia ambazo hakuna aliyezifanyia hesabu. Mei 1982 ilifunga milango, kampuni kubwa ya kwanza kufa tangu sheria mpya. Hapa pana fundisho ambalo watetezi wa soko huria hulipita haraka: kuruhusiwa kuruka hakuleti abiria. Abiria huletwa na bei wanayoimudu, kwenye njia wanayoihitaji, na kwa kampuni ambayo gharama zake zinaibeba bei hiyo.

Aliyelielewa hilo mapema alikuwa Don Burr. Aprili 1981 alianzisha People Express kwenye jengo la zamani la uwanja wa Newark, ng'ambo ya mto kutoka New York. Safari za kwanza zilikwenda Buffalo, Columbus na Norfolk, miji ambayo hakuna aliyeitazama kwa matamanio. Nauli ilishindana na basi. Mzigo wa kuweka chini ya ndege ulilipiwa dola 3, kahawa ililipiwa, tiketi ilinunuliwa humohumo angani. Wanafunzi, wazee wanaokwenda kuona wajukuu, wachuuzi wadogo, wote walimiminika Newark, na jengo lile chakavu likafurika watu. Wale walioingia humo walikuwa umma mpya, usiojua kisu cha fedha wala kitambaa cha mezani, na wala haukuvitaka.

Burr aliuawa na kompyuta. American Airlines ilikuwa na mtambo wake wa kuhifadhi nafasi, Sabre, na wataalamu wake waliutumia kukisia ni viti vingapi vya safari fulani vitabaki vitupu. Januari 1985 ilitangaza nauli za chini kabisa kwa viti hivyo tu, huku ikiendelea kumtoza mfanyabiashara wa dakika ya mwisho bei kamili. People Express iliuza kila kiti kwa bei moja, haikuwa na mtambo wa namna hiyo, na mwaka 1986 ikauzwa. Tangu hapo watu wawili waliokaa bega kwa bega wamekuwa wakilipa nauli zinazopishana mara tatu au nne, jambo linalowaudhi abiria wengi hadi sasa. Lakini hesabu ni ileile ya Muse na ndege yake ya Ijumaa.

Mwaka 1978 ndege za Marekani zilibeba abiria wapatao milioni 275. Mwaka 2000 zilibeba zaidi ya milioni 660. Si wote walioletwa na sheria. Watu waliongezeka, vipato vilikua, na injini mpya zilipunguza matumizi ya mafuta. Wachumi Steven Morrison na Clifford Winston, waliojaribu kuitenga athari ya sheria na mengine yote, walikadiria kwamba nauli zilikuwa chini kwa kama asilimia 22 kuliko ambavyo zingekuwa CAB ingeendelea. CAB yenyewe ilifungwa mwishoni mwa 1984, ofisi ya serikali iliyojimaliza kwa mikono yake, jambo la nadra popote duniani.

Wastani huo wa asilimia 22, hata hivyo, unaficha mengi. Kampuni kubwa zilikusanya safari zao kwenye vituo vikuu: Delta ikaikalia Atlanta, American ikaikalia Dallas, USAir ikaikalia Pittsburgh. Mtu wa mji mdogo alipata njia ya kufika miji mia kwa kuunganisha ndege moja tu, na hilo peke yake liliongeza wasafiri. Lakini mkazi wa mji wenye kituo kikuu alijikuta mikononi mwa kampuni moja, akilipa kuliko jirani yake wa mji usiotawaliwa. Nayo miji haikuwa na uhakika wa kesho. Pittsburgh ilifungua jengo jipya la abiria 1992, la karibu dola bilioni moja, kwa matakwa ya USAir. Mwaka 2004 kampuni hiyo ilikivunja kituo chake hapo. Uwanja uliokuwa ukipitisha watu kama milioni 20 kwa mwaka ulishuka hadi milioni 8 hivi, na korido ndefu zikabaki na maduka yaliyofungwa.

Mwaka 1993 Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ilichapisha uchambuzi uliothibitisha jambo ambalo Texas walilijua kwa miaka 20. Watafiti Randall Bennett na James Craun waliangalia kinachotokea Southwest inapoingia kwenye njia. Kati ya Oakland na Burbank, huko California, nauli zilishuka kwa zaidi ya nusu na abiria wakaongezeka kama mara sita. Hata viwanja vya jirani ambavyo Southwest haikugusa vililazimika kushusha bei. Mfano wa zamani zaidi ni wa bonde la Rio Grande, kusini mwa Texas, eneo la wakulima na vibarua ambalo washindani walidai halina soko. Kabla Southwest haijafika 1975, abiria wa mwaka kati ya bonde hilo na miji mitatu mikubwa ya Texas walikuwa kama 120,000. Mwaka haukwisha wakapita 300,000.

Na pale serikali ilipoacha kufuli moja, abiria walibaki nje wakingoja. Sheria ya Bunge la Marekani, iliyopewa jina la mbunge Jim Wright, ilizuia uwanja wa Love Field mjini Dallas usipokee safari za moja kwa moja kutoka majimbo ya mbali, ili kuulinda uwanja mkubwa mpya. Kizuizi kiliondolewa Oktoba 2014. Uwanja uliokuwa ukihudumia watu kama milioni 8 kwa mwaka ulivuka milioni 14 mwaka uliofuata.

Ulaya ilinakili. Mwaka 1986 Ryanair ilianza safari za Dublin na London kwa chini ya nusu ya nauli waliyotoza Aer Lingus na British Airways, na miaka michache tu baadaye wasafiri wa njia hiyo walikuwa maradufu. Waireland waliozoea meli na treni za usiku wakaanza kwenda nyumbani mwisho wa wiki. Michael O'Leary wa Ryanair alisafiri hadi Dallas kujifunza kwa Kelleher. Umoja wa Ulaya ukafungua soko lake hatua kwa hatua hadi Aprili 1997. Stelios Haji-Ioannou aliianzisha easyJet 1995, na miaka 17 baadaye akaunga mkono mradi wa kuuleta mtindo huo Afrika.

Ndivyo ilivyofika Tanzania. Tarehe 29 Novemba 2012 Fastjet ilianza kuruka kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro, nauli ya kuanzia ikiwa shilingi 32,000 kabla ya kodi. Kwa anayeijua barabara ya Mwanza, zaidi ya kilomita 1,100 ndani ya basi, bei ile ilikuwa tukio. Kampuni yenyewe iliwahoji abiria wake na kukuta kwamba zaidi ya theluthi walikuwa hawajawahi kupanda ndege. Hao ndio walewale wa Ijumaa usiku ya Houston, safari hii wakiwa na mabegi ya dagaa na zawadi za ndugu.

Mipaka ndiyo iliyoikwamisha. Ndani ya nchi iliruka, lakini kila ilipotaka kuvuka ilikutana na mikataba ya serikali mbili mbili, vibali na kodi. Dar es Salaam hadi Nairobi, mwendo wa saa moja na dakika kidogo, ilichukua zaidi ya miaka mitatu kuruhusiwa. Ndege zake zilikuwa kubwa kwa soko dogo lililobanwa, na mwishoni mwa 2018 ilisimama nchini ikiwa imelemewa na hasara na madeni.

Makubaliano ya kufungua anga la Afrika yalisainiwa Yamoussoukro 1999. Yakazinduliwa upya Januari 2018 kwa jina la Soko Moja la Usafiri wa Anga la Afrika, nchi 23 zikiwemo, Kenya na Rwanda kati yao. Ushahidi haukosekani. Utafiti uliochapishwa 2014 kwa niaba ya IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, ulionyesha kwamba Kenya na Afrika Kusini zilipolegeza masharti mwanzoni mwa miaka ya 2000, abiria kati yao waliongezeka kwa asilimia 69. Kati ya Johannesburg na Lusaka, kampuni ya bei nafuu iliporuhusiwa 2006, nauli zilishuka kwa asilimia 38 na abiria wakaongezeka kwa asilimia 38. Mawaziri wetu wa uchukuzi wana takwimu hizo mezani kwa zaidi ya miaka kumi. Wengine hawajasaini, na baadhi ya waliosaini bado wanaulizia kibali kwa kila ndege ya jirani. Waanze na njia moja, kwa nauli ambayo mwenye tiketi ya basi anaweza kuifikiria, kisha wahesabu abiria.